Kanda Niliyomnyima Mzee

Naungama. Nilimnyima mtu mzima nakala ya muziki alioupiga kwa mikono yake mwenyewe. Nilimdanganya kwamba kanda imekatika, na uongo huo ndio uliokuja kuiua kanda yenyewe. Nyimbo zilizokuwamo, kama bendi ilivyozipiga, sijazisikia tena popote. Nimechelewa mno kulisema hili hadharani. Ninaliandika sasa kwa sababu najua kanda za namna ile bado zimelala kwenye masanduku Mwanza, Musoma na Bukoba, na wenye nazo bado wana nafasi niliyoichezea mimi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapenzi wa zilipendwa tulikuwa na baraza letu kwa fundi redio mmoja, nyuma kidogo ya Makoroboi, mjini Mwanza. Ukipita pale Jumamosi mchana ungekuta benchi limejaa: mstaafu wa reli, mwalimu wa shule ya msingi, muuza dagaa wa Kirumba, dereva wa daladala, na mimi, karani wa ghala la pamba. Redio mbovu zilipangwa ukutani hadi juu, moshi wa risasi ya kuchomelea ukipanda taratibu, na mezani ilikaa deki ya fundi yenye nafasi ya kanda mbili. Deki hiyo ndiyo iliyotukusanya.

Kila mmoja alikuwa na bendi yake ya kufa nayo. Mstaafu wa reli alikuwa Msondo tangu enzi za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, na hakutaka kusikia habari nyingine. Mwalimu alikuwa Sikinde, na kila akitaka kumchokoza mwenzake alimkumbusha kwamba Mlimani Park, yaani hiyo Sikinde, ilipoanza mwaka 1978, mmoja wa waliokwenda kuisimamisha alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, aliyetoka huko huko Msondo. Mstaafu naye alijibu kwamba mwaka 1985 Gurumo alihama Sikinde vilevile akaenda Orchestra Safari Sound, na kwamba mwishowe alirudi nyumbani Msondo. Ubishi huo haukuisha, na hakuna aliyetaka uishe. Muuza dagaa, Mjaluo wa kule Rorya, alikuja na benga ya Daniel Owino Misiani, na kila mara alitukumbusha kwamba mfalme huyo wa benga anayehesabiwa kuwa wa Kenya alizaliwa Shirati, upande wetu wa ziwa. Dereva alikuwa wa Western Jazz na mtindo wao wa saboso. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, lakini mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega, na hilo kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa barazani lilitosha kuifanya bendi ya nyumbani.

Baraza lilikuwa na sheria moja, ambayo haikuandikwa popote. Anayeleta kanda yenye kitu ambacho wengine hawana, anaiacha kwa fundi usiku mmoja. Fundi anaweka kanda tupu upande wa pili wa deki, anabonyeza, na Jumamosi inayofuata mwenye haja anachukua nakala yake kwa bei ya kanda tupu na kidogo cha umeme. Kwa sheria hiyo nilipata Marijani Rajabu, nilipata Vijana Jazz ya Hemedi Maneti, nilipata Cuban Marimba ya Salum Abdallah, nilipata Mara Jazz ya Musoma. Droo zangu zilijaa. Sikununua santuri hata moja. Vyote nilivyokuwa navyo nilivipata kwa ukarimu wa watu wa benchi lile, na jambo hili nataka msomaji aliweke moyoni kabla sijaendelea.

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kwangu. Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za ziwani. Kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, meli zilizunguka bandari zote, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na mjomba alirudi na santuri za Nairobi chini ya godoro lake. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka huo, santuri zikaadimika. Ndipo akanunua redio kaseti, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akawa anaibeba hadi ukumbini, anaiweka mezani karibu na jukwaa na kuirekodi bendi ikipiga. Alipofariki aliniachia kanda moja ya dakika 60 yenye bendi ya hapa hapa Mwanza, bendi ambayo leo hata jina lake wanalikumbuka wachache. Alikuwa amevunja vijimeno viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kaseti, ili asije mtu akarekodi kitu kingine juu yake. Kwa kitendo hicho kidogo mjomba aliilinda ile kanda kuliko nilivyoilinda mimi.

Mtu aliyekulia kwenye intaneti anaweza kushangaa kwa nini kanda ya ukumbini iwe na thamani hivyo. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, lakini sauti yake tunayo hadi leo, na sababu mojawapo ni kwamba nyimbo zake zilichapwa Nairobi zikasambaa nchi mbalimbali. Bendi nyingine zilitegemea studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Zilirekodiwa kwenye kanda kubwa za magurudumu, nyimbo zikapigwa redioni, na kanda zikabaki maktaba. Wasikilizaji walizinasa kwa redio kaseti zao nyumbani, huku wakiomba mtangazaji asiingilie kati kabla wimbo haujaisha. Bendi ya mkoani ilikuwa na mlima mwingine. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na wanamuziki, vyombo vyao na nauli zao si mchezo. Bendi ile ya kanda ya mjomba haikuwahi kufika studio. Mwenye vyombo alikuwa mwenye baa, na alipovichukua, bendi ikawa imekwisha. Nakala pekee ya kazi yao niliyoijua ilikuwa ndani ya kaseti yangu.

Nilipoileta barazani mara ya kwanza, benchi lilinyamaza. Kwanza zilisikika chupa zikigongana na mtu akiagiza kinywaji, kisha tumba, kisha gitaa la rizimu likaanza kutembea chini chini bila kupumzika, na solo likapanda juu yake. Waimbaji wawili walipokezana. Mstaafu wa reli alishika goti akasema, "Huu ni ukumbi wetu kabisa." Wakaniomba niurudie wimbo. Nikaurudia. Siku ile, kwa mara ya kwanza, watu walinigeukia mimi kusikia nitasema nini.

Hapo ndipo nilipopotea. Kabla ya kanda ile nilikuwa mtu wa kupokea tu; maoni yangu kuhusu Msondo na Sikinde hakuna aliyeyajali. Kwa kanda ile nikawa mtu. Jumamosi fulani nisipofika, waliulizana nilipo. Fundi aliponyoosha mkono kuichukua aiweke kwenye deki, kama alivyofanya kwa kanda za wote, nikaikamata nikaitia mfukoni. Nikasema ni ukumbusho wa marehemu, siwezi kuilaza nje. Wakaheshimu msiba wangu. Nilitumia jina la mjomba kufunika choyo changu, na mjomba alikuwa mtu ambaye aliwaazima santuri hata makuli wa bandarini.

Habari za kanda zilienea. Siku moja akaja barazani mzee mmoja mrefu, mpole, amevaa koti licha ya jua. Alisalimia watu wote kwa mkono. Nilipoupiga wimbo, aliinamisha kichwa, na vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kubana na kuachia pajani. Ulipokwisha akasema, bila kujitapa, "Hilo rizimu ni langu."

Tulimpa kiti. Akatueleza walivyokuwa wakifanya mazoezi, walivyogawana malipo ya mlangoni, walivyosambaa vyombo vilipochukuliwa. Mpiga solo alikwenda machimboni na hakurudi. Mwimbaji mmoja alifariki. Yeye mwenyewe alirudi kwenye uvuvi. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wanangu wote wamezaliwa baada ya bendi kufa. Hawajawahi kunisikia nikipiga. Nikiwaambia nilikuwa mwanamuziki, wananiitikia tu kwa adabu. Niazime usiku mmoja, fundi anitolee nakala, kesho asubuhi unaikuta hapa hapa."

Nikamwambia, "Haina shida, mzee wangu. Jumamosi."

Jumamosi ilipofika nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu yangu. Mzee akipata nakala, ataipa familia yake. Fundi akiinakili mara moja, kesho kila mtu barazani anayo, na keshokutwa inapigwa kwenye daladala. Mimi nitarudi kuwa yule karani wa kupokea. Hakuna sababu nyingine. Sikuwa na njaa, sikutishwa, hakuna aliyenidanganya. Niliogopa kuwa sawa na wenzangu. Mzee alipofika, amevuka maji kuja kwa ajili hiyo, nikamtazama usoni nikasema, "Samahani, mzee. Redio imeimeza. Imekatika."

Akaniwekea mkono begani. "Pole sana, mwanangu," akasema. "Pole kwa ukumbusho wa mjomba wako." Alinifariji mimi.

Fundi hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Ilete," akasema. "Utepe uliokatika unaungwa. Unapoteza nukta moja tu ya wimbo." Nikalazimika kuongeza uongo wa pili: nimekwisha kuitupa. Fundi aliniangalia kwa muda, akarudi kwenye kazi yake. Mzee alikunywa chai yake yote, akatuaga mmoja mmoja.

Tangu siku ile sikuweza tena kuipiga ile kanda. Barazani ilikuwa imekufa. Nyumbani nako kuta za Igogo ni nyembamba na dereva alikuwa jirani, angesikia. Nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaitia chini ya sanduku la bati, juu yake nikapanga vyeti na nguo za msibani. Uongo una kazi hiyo: haumnyimi mwenzako tu, unakunyima na wewe. Mtu angedhani nilibaki na kitu ambacho wengine hawana, kumbe nilibaki na sanduku nisilothubutu kulifungua. Miaka ikapita. Kanda zikaondoka, zikaja CD, zikaja simu. Nakala za Marijani na Salum Abdallah nilizogawiwa na wenzangu zilihamia kwenye kompyuta ya fundi, naye akawarushia vijana. Zikaendelea kuishi kwa sababu zilikuwa kwa watu wengi. Ya kwangu ilibaki chini ya nguo.

Aliyenirudisha kwenye sanduku lile ni kijana ambaye hakujua lolote. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kule Nyegezi, mpenzi wa muziki wa rock wa Wazungu wa zamani. Alifika kwa fundi kutengeneza spika, akakuta ubishi wetu, akakaa. Ilikuwa baada ya filamu ya mwaka 2018 iliyomhusu Freddie Mercury, na kijana alitueleza kwa fahari kwamba mwimbaji huyo wa Queen alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Akatupigia Bohemian Rhapsody, wimbo wa mwaka 1975 wenye karibu dakika sita. Mstaafu wa reli, akiwa sasa mzee wa fimbo, aliusikiliza mpaka mwisho akasema hawa nao wanajua kupanga sauti.

Kijana akatueleza sauti zile zilivyopatikana. Waimbaji walikuwa watatu tu. Walirekodi, wakarudi wakarekodi tena juu yake, na tena, hadi zikasikika kama kwaya nzima. Wenyewe wamesimulia kwamba utepe ulipitishwa kwenye mashine mara nyingi kiasi kwamba unga wake ulikwanguka, ukiuinua dhidi ya taa unaona ng'ambo. Fundi alifurahia sana habari hiyo, maana anajua utepe ni nini. Ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga laini wa madini ya chuma yaliyopata kutu, na sauti hukaa kwenye unga. Ukiondoka unga, imeondoka sauti.

Halafu kijana akatutolea Sunburst. Wengi wetu tulikuwa tumewasahau. Lilikuwa kundi la Dar es Salaam la miaka ya 1970 lililochanganya rock, soul na ngoma za huku, na mwaka 1976 walirekodi Ave Africa nchini Zambia. Rekodi zao zilikaa kimya miaka mingi, hadi zilipokusanywa na kutolewa upya Ulaya mwaka 2016. "Unaona, anko," kijana aliniambia, huku akiwarushia watu wote faili kwenye simu zao bila kuulizwa, "kuna watu walikuwa wametunza, wakakubali kutoa. La sivyo tungeambiwa Tanzania hapakuwahi kuwa na rock." Akageukia benchi zima. "Sasa nyimbo za bendi za hapa Mwanza mbona hamna? Bendi zilikuwapo, si ndiyo?"

Mstaafu akamjibu kwa huzuni ya kweli. "Huyu bwana alikuwa na kanda. Ilikatika, maskini." Wengine wakatikisa vichwa. Waliutunza uongo wangu miaka yote hiyo kwa huruma, na walikuwa bado wananipa pole.

Jioni ile nilifungua sanduku. Nyumba yetu imekaa ubavuni mwa kilima, na kila masika maji huteremka kati ya mawe yakapita uani. Mwaka mmoja yaliingia ndani. Niliokoa magodoro, sikukumbuka sanduku. Chini lilikuwa limetoboka kwa kutu. Vyeti vilishikana vikawa tofali. Mfuko wa plastiki ulikuwa na maji ya matope, na kaseti ilikuwa ndani yake. Kwenye kidirisha niliona utepe umevaa ukungu mweupe.

Nilimpelekea fundi. Sikuwa na njia ya kumpelekea bila yeye kujua. Aliigeuza, akaona vile vijimeno vilivyovunjwa, akaitambua. "Si ulisema uliitupa?" aliuliza. Nikamwambia ukweli wote. Hakunitukana. Alisogeza taa, akafungua skrubu tano, akautoa utepe, akaanza kuusafisha pole pole kwa pamba na spiriti. Kila pamba ilitoka na rangi ya kahawia. Alinionyesha moja. "Hii unayoiona kwenye pamba," akasema, "ndiyo bendi."

Aliukausha, akauhamishia kwenye kaseti nyingine, akaupiga. Tulisikia mchakacho mrefu kama mvua juu ya bati. Mahali fulani palitokea mapigo machache ya tumba, na chupa ikagonga chupa. Waimbaji hawakusikika. Rizimu halikusikika.

Mzee alikuwa amehamia Ukerewe. Nilipanda meli ya Nansio, nikamkuta nje ya nyumba yake akishona wavu wa dagaa. Nikamwamkia, nikakaa chini, na kabla ya maji ya kunywa kuletwa nikamwambia. Nilisema nilikudanganya, kanda haikukatika, nilikuwa nayo nyumbani, niliificha kwa choyo, sasa imeoza. Sikuongeza maelezo kwa sababu sikuwa nayo.

Alikaa na sindano ya wavu mkononi. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Upande wa pili kulikuwa na nini?"

Nikasema sielewi.

"Usiku ule baharia alirekodi pande zote mbili. Nilimwona akigeuza. Kipindi cha pili tulipiga wimbo wa taratibu, niliutunga mimi. Ndio wimbo pekee niliotunga maishani. Ulikuwamo?"

Sikuweza kumjibu. Upande wa pili nilikuwa nikiupeleka mbele haraka. Nakumbuka kulikuwa na kitu cha taratibu, na nakumbuka nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye ule wimbo uliowafanya watu wanigeukie. Kanda ilikuwa mikononi mwangu miaka mingi, na nusu yake sikuwahi kuisikiliza. Nilimnyima mwenye nyimbo ili nizihodhi, na kuzijua nikashindwa. Katika makosa yangu yote katika jambo hili, hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu kama ningempa ule usiku mmoja alioomba, mzee angeutambua wimbo wake nukta ile ile ulipoanza.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia." Hakusema zaidi ya hapo, na sikuwa na haki ya kumdai zaidi. Akaniambia nirudi siku nyingine na mtu mwenye kifaa kizuri cha kurekodi.

Nilirudi na yule mwanafunzi na gitaa la kuazima. Mzee alilikaza nyuzi kwa muda mrefu, vidole vyake vikiwa vigumu kwa kazi ya nyavu. Akapiga rizimu la ule wimbo wa kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila solo, bila besi, bila sauti ya mtu. Ilipofika zamu ya waimbaji aliendelea kupiga akisema tu, "Hapa wanaingia." Maneno aliyajua nusu nusu, yeye hakuwa mwimbaji. Solo aliliguna kwa mdomo, akaacha, akasema hapana, silo hilo. Katika bendi kila mmoja hubeba kipande chake, na wenye vipande vingine walikuwa wamekwenda. Wimbo wake wa taratibu aliuimba wote. Wajukuu walikuwa wamekaa mlangoni. Mkubwa wao, msichana wa sekondari, alitoa simu yake naye akarekodi.

Rekodi hizo mbili ziko kwa fundi. Yeyote anayezitaka anazipata bila kuniuliza, na bila kulipa. Mzee ndiye aliyeamua hivyo, nilipomuuliza. Droo zangu zote nilizipeleka kwa fundi vilevile, na fundi ananakili kila kilichomo, upande wa kwanza na upande wa pili.

Kwa wenzangu wa barazani nilisema ukweli Jumamosi iliyofuata. Mstaafu wa reli hakunisemesha kwa muda, na alikuwa na haki. Mwalimu aliniuliza jambo moja: kama nilipokuwa nikichukua nakala zake za Sikinde wiki baada ya wiki, sikuwahi kuona aibu. Niliona. Nilichukua hivyo hivyo.

Wewe msomaji mwenye kanda ya baba, ya shangazi, ya mjomba baharia, nakusihi mambo matatu. Usiisubiri Jumamosi; ipeleke kwa fundi leo, kabla ya masika. Isikilize yote, hata pale inapokuchosha, maana hujui ni wimbo wa nani uliomo. Na akitokea mtu akasema gitaa lile ni langu, mpe nakala ya kwanza, kabla hujajipa wewe.

Nina ombi la mwisho, na hili ni la mzee. Anasema usiku ule mjomba hakuwa peke yake mwenye redio kaseti. Kulikuwa na nyingine mbili au tatu juu ya meza za mbele. Kama mojawapo ilikuwa ya mzazi wako, na kama nyumbani kwenu kuna kanda ya ukumbi wa Mwanza wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata kama haina maandishi juu yake, hata kama inaonekana imeharibika, usiitupe. Ipeleke kwa fundi wa jirani, mwambie ausikilize na upande wa pili. Mzee bado yu hai, na atautambua wimbo wake.